Kijito chetu hufurika karibu kila masika: tukichimbe, au tatizo liko kwingine?

MkaziWaUmoja ameuliza:

Ninaishi Nairobi, mtaa wa Umoja, lakini wazazi wangu wako nyumbani katika uwanda wa Kano, upande wa Ahero. Kando ya boma letu hupita kijito ambacho wakati wa kiangazi mtoto wa darasa la pili hukiruka bila kulowesha viatu. Nilipokuwa mdogo kilifurika mara moja baada ya miaka kadhaa. Siku hizi masika haiishi kabla maji hayajaingia jikoni kwa mama, na ukutani imebaki mistari ya tope iliyopangana kama vidato vya ngazi, kila mmoja na msimu wake. Mwenye duka jirani hulaumu barabara iliyoinuliwa, baba hulaumu Ziwa Victoria lililo upande wa chini, na vijana husema ni mvua tu. Sisi tulio Nairobi tuna chama cha familia, na tumepanga kuchanga fedha za kukodi tingatinga ili kijito kichimbwe na kunyooshwa. Kabla hatujatoa hata shilingi, ningependa kufahamu mafuriko ya namna hii husababishwa na nini hasa.

FundiBarabara amejibu:

Ndugu, tingatinga lisubiri kwanza. Muulize mama swali moja: maji huingia kutoka upande gani? Yakija kwa kasi kutoka juu yakiwa na tope zito, chanzo kiko vilimani. Yakitanda upande wa juu wa barabara huku upande wa chini ukiwa karibu mkavu, barabara imegeuka bwawa na kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini yake, haitoshi. Yakipanda polepole kutoka chini, kijito kimekosa mahali pa kumwaga maji yake.

Kuhusu mvua, hesabu ni rahisi. Milimita 50 zikinyesha juu ya hekta moja ni lita 500,000, yaani malori 50 ya maji ya lita 10,000, yale tunayonunua hapa mjini mifereji ikikauka. Penye majani na miti, sehemu kubwa ya maji hayo huzama ardhini au huchelewa njiani. Mteremko ukilimwa hadi ukingoni mwa mto, nayo mabati na njia za miguu zikiongezeka, yote hufika kijitoni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mvua inaweza kuwa ile ile ya miaka ya nyuma na bado mafuriko yakazidi.

Kalvati nazo nimezishughulikia miaka mingi. Watu hudhani bomba la sentimita 60 na la sentimita 90 hayatofautiani sana, ilhali mdomo wa lile la 90 ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 60. Na hata bomba kubwa, likizibwa na magogo na taka, halina kazi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, kule Mai Mahiu, maji yalijaa nyuma ya tuta la reli ambalo njia yake ya chini ilikuwa imeziba, kisha yakapasua tuta hilo na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa wamelala. Palikuwa na mkondo mdogo tu.

Mama_wa_Kamulu amejibu:

Sisi huku tulichimba. Udongo wetu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia kwenye ufa, na ukilowa hufura na kukataa kunywa maji. Tingatinga lilirundika udongo ukingoni, mvua ikaurudisha wote ndani, na baada ya misimu miwili mtaro ulikuwa kama haujaguswa. Aliyefaidika ni mwenye tingatinga. Wenzetu wa chini, ambao hatukuwauliza, walipokea maji mengi na ya haraka kuliko awali, na hadi leo salamu zao ni za mkato.

MkaziWaUmoja ameandika:

Ahsanteni. Nimempigia mama simu. Amesema kuna mafuriko ya aina mbili, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: moja huja usiku kwa kishindo, kutoka juu, na kuacha tope jekundu, jingine huja kutoka chini kimyakimya, likibeba vipande vya mafunjo, na hukaa wiki nzima.

MwalimuWaJiografia amejibu:

Mama yako amekwisha kufanya nusu ya utafiti. Udongo wa uwanda wa Kano ni mweusi, kwa hiyo tope jekundu jikoni kwake limesafiri. Ni udongo wa mashamba ya vilima vya upande wa Nandi na Kericho, ambako mto Nyando na vijito vyake huanzia. Maji yanapoteremka kwa kasi hubeba udongo huo, na yanapofika uwandani, ambako mteremko ni mdogo mno, hupunguza mwendo na kuuangusha. Kitanda cha kijito hupanda kidogo kila msimu, hadi maji ambayo zamani yangepita ndani ya kingo yanakosa nafasi.

Baba naye hajakosea. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo, likikipita kwa kiasi kidogo kile cha 1964. Ziwa likipanda, mito inayoingia humo husukumwa nyuma, na vijito hukosa pa kwenda. Katika hali hiyo, ukichimba kijito hadi chini ya usawa wa ziwa umechimba kisima kirefu tu. Kitajaa na kubaki kimejaa. Tena kukinyoosha huongeza kasi ya yale mafuriko ya kwanza. Mimi ningezibua kalvati kabla ya masika, ningeinua sakafu ya jikoni na ghala, kisha ningesimamisha nguzo yenye alama za sentimita kila upande wa barabara, ili msimu ujao tofauti ya maji ya juu na ya chini isomwe kwa macho badala ya kubishaniwa.

MkaziWaUmoja ameandika:

Chama kimekubali kuahirisha tingatinga. Mpwa wangu atasimamisha nguzo hizo Jumamosi. Mama ameridhia, ila ametaka ziwekwe miiba kuzizunguka, kwa sababu ng'ombe wa jirani watazikwaruzia migongo hadi zilale.