Naomba ushauri: mafuta ya Aktiki nifundishe vipi?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia kidato cha tatu. Niliwaambia wanafunzi kuwa mwaka 2008 wanajiolojia wa serikali ya Marekani walikadiria Aktiki ina mapipa bilioni 90 ya mafuta ambayo hayajagunduliwa, ila Shell walichimba kisima Bahari ya Chukchi, Alaska, wakajitoa 2015. Binti wa dawati la mbele akauliza, "Sasa mwalimu, mali yote hiyo mtu anaiachaje?" Nikajibu barafu na gharama. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Vitabu vyangu vinaishia kwenye dubu.

Mliofanya kazi kwenye mitambo ya baharini: gharama inapanda zaidi wapi, kuchimba au kusafirisha? Na Antaktika, ambako Itifaki ya Madrid ya 1991 inakataza uchimbaji madini, niiunganishe humo au niipe kipindi chake?