Naomba ushauri: kuseti tapeti za haidroliki kwenye injini ya mbio

Wakuu, habari za kazi. Niko Houston, nina Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 350, naikimbiza mbio za robo maili wikendi. Tapeti (vipande vinavyopokea msukumo wa kamshafti na kusukuma pushirodi, fimbo za kufungulia valvu) ni za haidroliki, yaani zinajirekebisha zenyewe kwa presha ya oili; silinda hedi ni za alumini.

Naseti injini ikiwa baridi. Valvu ya egzosi (ya kutolea moshi) ikianza tu kufunguka, naseti ya inteki (ya kuingizia hewa) kwenye silinda hiyo. Inteki ikikaribia kufunga, naseti egzosi. Pushirodi naichezesha juu-chini kwa vidole huku nikikaza nati ya roka (mkono unaobonyeza valvu), mchezo ukiisha naongeza nusu raundi. Sailensa inatoa mlio safi kabisa, lakini injini ikivuka mizunguko 6,000 kwa dakika inakohoa na nguvu inakata.

Jamaa wa hapa wanasema tapeti zinajaa oili na kuzuia valvu kufunga, nishuke hadi robo raundi. Mimi nashuku springi za valvu. Zikilegea valvu inaelea, yaani haiwahi kufuata kamshafti, tapeti inajaza nafasi inayobaki, basi valvu inabaki wazi. Halafu alumini ya hedi ikichemka inatanuka, nafasi kati ya roka na valvu inaongezeka. Hiyo robo raundi si itaanza kugonga?

Mliowahi kuzifungua hizi, nipime springi kwanza au nihamie tapeti za solidi (zisizojirekebisha kwa oili) moja kwa moja? "Nunua injini nyingine" sio jibu, mfuko umetoboka.