Tupeane uzoefu: kukaza breki za dramu za nyuma kwenye pikapu za zamani

Wakuu, habari za leo. Wenye Hilux za zamani hapa Mwanza tunalijua tatizo: pedali inashuka mpaka chini, ukikanyaga mara ya pili ndiyo inashika. Mtaani wanakimbilia kubana kebo ya hendibreki. Nalipinga hilo kabisa. Kebo ikibanwa kabla ya shuu (vipande vinavyobana dramu kwa ndani) kukaa sawa, shuu hazirudi mahali pake, adjasta (skrubu yenye meno inayosogeza shuu karibu na dramu) haifanyi kazi, na pedali itashuka tena tu.

Mimi nalegeza kebo kwanza. Kabari matairi ya mbele, jeki, kisha stendi (jeki peke yake usiiamini). Natoa kipira kinachoziba tundu nyuma ya dramu, naingiza bisibisi bapa, nasukuma meno ya adjasta huku nazungusha tairi kwa mkono. Likigoma, narudisha meno machache mpaka lizunguke na mkwaruzo mwepesi tu. Kurudisha kunataka kitu chembamba cha pili, cha kusukuma kilimi kinachozuia meno. Upande wa pili vilevile. Kebo naikaza mwisho.

Nyie mnafanyaje?

Mbeba dagaa, Igombe: Sawa kabisa mkuu, ila sisi tunaoshuka mwaloni mpaka tairi zinagusa maji, adjasta inaliwa na kutu, hata bisibisi haiigeuzi. Hapo ni kufungua dramu, kusugua nyuzi kwa brashi ya waya na kupaka grisi ya breki kidogo sana, isifike kwenye shuu. Adjasta ya kushoto na ya kulia nyuzi zake zinazunguka pande tofauti, usizichanganye. Ukitoka majini, tembea taratibu huku umegusa pedali mpaka dramu zikauke.

Fundi, Buhongwa: Dramu ikiganda msiipige nyundo hovyo. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa dramu. Funga boliti za milimita 8, zungusha kwa zamu, inatoka yenyewe. Na vumbi lile msilipulize kwa kompresa, shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji.

Sengerema: Zamani foleni ya kivuko ilitupoozea dramu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 tunapita moja kwa moja, na dramu iliyokazwa kupita kiasi inanuka kabla hujafika Usagara. Yangu ilikuwa ya moto upande mmoja, ule mwingine baridi. Kuinua kipira cha wili silinda (inayosukuma shuu ukikanyaga pedali) upande wa baridi, mafuta ya breki yakachuruzika mpaka kwenye shuu. Hapo hakuna kukaza: badilisha silinda na shuu, kisha toa upepo kwenye mafuta ya breki.

Igoma: Hizi si zinajikaza zenyewe?

Mwanzisha mada: Zinajikaza ndugu yangu. Aina nyingine ukifunga breki huku unarudi rivasi, nyingine unapovuta hendibreki. Ukiwa na hiyo ya pili na kila siku unapaki kwa gia tu, adjasta imelala. Vuta hendibreki kila unapopaki.