Naombeni ushauri: kuapdeti fimwea ya ruta ya laini bila kuiua

Kijana_wa_Ng'ambo: Wakuu, habari za jioni. Nina TP-Link TL-MR6400, natumia laini ya 4G. Ikifika saa mbili usiku intaneti inadondoka tonetone kama bomba la mtaani. Jamaa kanirushia WhatsApp faili la fimwea mpya (programu inayoendesha ruta yenyewe), anasema ndiyo dawa. Niliweke? Ruta hii ndiyo inayonilisha.

Fundi_Waya: Mkuu, hilo faili lifute kwanza. Kisha pindua ruta, kwenye stika kuna neno Ver. Limefuatiwa na ngapi?

Kijana_wa_Ng'ambo: 4.20

Fundi_Waya: Basi ni V4.20, shika namba hiyo yote. Ruta hizi kwa nje ni mapacha, ndani vyombo tofauti. Ukiipa V4 fimwea ya V5 unaweza kubaki na kopo. Chukua faili tovuti ya TP-Link yenyewe, ukurasa wa toleo linalolingana na stika yako. Linakuja kwenye zipu (faili lililobanwa): lifungue, unalopakia ni lile linaloishia na .bin. Na uunganishe laptopu kwa waya, siyo Waifai.

Mama_Bando: Yangu ilikuwa ya kampuni nyingine. Niliapdeti mwenyewe saa moja jioni, umeme ukakatika kazi iko katikati. Uliporudi, taa moja tu inawaka. Iko kabatini mpaka leo. Fanya alfajiri, na piga picha ukurasa wa APN (mipangilio inayoiunganisha laini na intaneti) maana mipangilio huweza kufutika.

Mzee_Masafa: Mnakimbilia kupasua kabla ya kumpima mgonjwa. Waifai ya ruta hiyo ni ya masafa ya 2.4 GHz tu, na usiku majirani wote wako humo humo. Chomeka waya saa mbili usiku upime spidi. Ikiwa mbovu na kwa waya, huenda mnara umejaa, na hapo fimwea haikusaidii.

Kijana_wa_Ng'ambo: Mrejesho. Kwa waya jana usiku ilikimbia vizuri tu! Kumbe tatizo ni Waifai. Nimehamisha chaneli yake kutoka 6 kwenda 11, sasa napiga video koli bila kukwama. Fimwea nayo nimeweka leo alfajiri kwa ajili ya usalama. APN ilifutika kweli, picha imeniokoa. Shikamoo Mzee.

Mzee_Masafa: Marahaba. Badilisha na nywila ya admin, ile ya kuingilia mipangilio ya ruta.