Nimeipenda Ethiopia bila kuikanyaga, hivi niko peke yangu?

Binti_Chumbageni:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko Tanga, safari yangu ndefu kabisa ya nje ni Horohoro, nikachungulia Kenya nikageuza. Ila mwaka wa pili huu Ethiopia imenikaa kichwani hadi dada yangu ananiita mhabeshi.

Ilianza hivi. Nilikuwa natafuta jebena, kile chungu chao cheusi cha udongo chenye shingo nyembamba cha kuchemshia kahawa, nikampata kaka mmoja wa Addis Ababa anauza mtandaoni, tukawa tunaandikiana Kiingereza cha kuungaunga wote wawili. Akaniambia nimpigie kesho yake saa 3, kaandika kwa Kiingereza. Mimi kwa vile ni Kiingereza nikajiongeza, nikaigeuza kuwa saa 9 alasiri, si ndivyo tulivyofundishwa shule? Napiga saa 9 kamili kumbe mwenzangu kanisubiri tangu saa 3 asubuhi na kanuna. Nikamuuliza kwani nyie mnaanza kuhesabu saa ngapi, akasema jua likishatoka, ndiyo saa 1. Jamani nilicheka peke yangu kama chizi. Miaka yote naambiwa saa zetu zinachanganya wageni, kumbe kuna watu wengine wanahesabu vilevile na neno lenyewe wanasema sa'at!

Basi nikaanza kufuatilia. Miezi 13, kumi na miwili ina siku 30 kila mmoja na wa mwisho ni vijisiku vitano, au sita mwaka mrefu ukifika. Mwaka mpya wao mwezi wa tisa. Wako nyuma yetu miaka saba au nane, maana yake sherehe ya mwaka 2000 wao wameifanya sisi tuko 2007. Maandishi yao wenyewe, makanisa ya kuchongwa mwambani kule Lalibela, na hawajawahi kutawaliwa na mzungu. Halafu kahawa inanywewa raundi tatu na ya tatu inaitwa baraka. BARAKA! Huku mzee wa kahawa anapita na dele lake, anagonga vikombe, unakunywa, unatafuna kashata, huyo umeondoka.

Sasa waliowahi kukaa huko, ni kweli au ni picha za mtandaoni tu? Na wewe ni nchi gani ya Afrika unaipenda ukiwa mbali?

Kapelo_Mzee:
Mleta mada, nimekaa Addis miaka miwili na kitu kikazi. Kahawa ni kweli tupu, tena picha hazioneshi mambo mengi kwa sababu picha haina harufu. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa anatandaza majani mabichi sakafuni, anaosha buni, anazikaanga hapohapo mbele yenu kwenye kikaango, zikianza kutoa moshi anakuzungushia kikaango kila mgeni auvute kwa mkono puani. Ndipo zinatwangwa. Pembeni ubani unafuka na kuna bakuli la bisi. Raundi ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu hiyo baraka uliyosema, wanaongeza maji kwenye machicha yaleyale kwa hiyo ya tatu ni nyepesi, unaweza kumpa hata bibi mwenye presha.

Wiki yangu ya kwanza nilinywa kimoja nikasimama, nina kikao. Yule mama hakusema kitu, aliniangalia tu. Kesho yake mtoto wake akanieleza kuwa nimeondoka na baraka iko jikoni. Sikurudia.

Nyingine ni gursha, mtu anakata injera, ule mkate wao mpana kama chapati, anachovya mchuzi anakuwekea mdomoni kwa mkono wake. Sisi tunalishana keki harusini mbele ya kamera, wao mfanyakazi mwenzako tu mchana wa Jumanne anakutia tonge. Ukikataa umeharibu.

Ila nisikudanganye, injera mwanzoni ilinishinda. Unga wa teff, nafaka yao ndogondogo, unakorogwa unaachwa siku kadhaa uchachuke, kwa hiyo ni chachu kwelikweli, nilidhani imeharibika. Halafu Jumatano na Ijumaa waorthodoksi hawali nyama wala maziwa wala yai, na kwaresma yao ni siku 55, mla nyama kama mimi nilinyooka. Mwezi wa pili nikaanza kuipenda shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, leo nikiikumbuka natokwa mate.

Njiwa_Mkavu:
Uzi mzuri ila turekebishane kidogo. Kwenye vita vya Adwa mwaka 1896 mfalme wao Menelik aliwapiga Waitaliano kisawasawa, hilo halina ubishi, na mkewe Taytu naye alikuwepo na jeshi lake. Lakini Waitaliano walirudi, wakaingia Addis 1936 wakakaa hadi 1941. Uvamizi wa kijeshi wa miaka mitano sio sawa na kutawaliwa kama sisi na Mjerumani na Mwingereza, sawa, ila tusiseme hawakuguswa wakati watu waliuawa.

Pia Ethiopia sio kitu kimoja. Kuna lugha zaidi ya 80 mule. Hayo ya injera na mashuka meupe ni sura moja, nenda Harar ukute mji wa Kiislamu wenye ukuta na vichochoro, usiku watu wanalisha fisi nyama kwa mkono. Ndiyo, fisi. Binti wa Tanga angejisikia nyumbani Harar kuliko Lalibela, toa fisi tu.

Mwana_Moyale:
Hapa mimi nasoma nikicheka. Nyinyi watu wa Bongo mnasema mbali, kwetu Moyale mpaka umepita katikati ya mji, ukitembea dakika chache uko upande wa pili. Sisi Waborana tuko Kenya na tuko Ethiopia, mtu ana shangazi huko na shamba huku.

Na kahawa yetu si hiyo ya chungu. Kuna buna qalaa, unachukua buni pamoja na ganda lake, unakaanga na siagi, zikipasuka kila mtu anaombewa dua halafu mnatafuna, na ile siagi inanukia kahawa mnajipaka. Hiyo ndiyo ya wazee na ya sherehe. Kwa hivyo ukipenda utamaduni wa Ethiopia jua umependa na wa Kenya kidogo, usitusahau.

Omwami_wa_Kagera:
@Mwana_Moyale umenigusa pabaya. Sisi Wahaya nasi tunatafuna kahawa! Zinachemshwa na majani yake maalumu, zinaanikwa juani, mgeni akifika kabla ya maji anapewa za kutafuna. Na zamani watu wakila undugu wa damu, tunda moja la kahawa lina punje mbili, kila mmoja anakula moja iliyopakwa damu ya mwenzake. Babu yangu alikuwa na ndugu wa namna hiyo na walizuiana hadi kuoana watoto wao.

Mleta mada sikulaumu, ila kinachonikera ni kwamba Mhabeshi karibu nusu ya kahawa yake anainywa mwenyewe, sisi tunapakia magunia yote melini halafu nyumbani tunakunywa ya unga ya kwenye kopo. Hicho ndicho ninachowaonea wivu, hayo mengine ziada.

Binti_Chumbageni:
Nimesoma yote, asanteni sana wakuu. @Njiwa_Mkavu nimekuelewa kuhusu Mtaliano, na hiyo Harar umeniharibia kabisa sasa naitaka hiyo. @Omwami wa Kagera nitumie hizo za kutafuna basi, nitakulipa nauli ya basi.

Jebena lilifika wiki iliyopita, halijavunjika. Jana nikakaanga buni uani, moshi ukajaa hadi kwa jirani, mama akatoka na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Tukanywa lakini, chenga zikaja zote kikombeni, mama kasema hii kahawa inatafunwa au inanywewa. Nimekosea wapi?

Kapelo_Mzee:
Haha mwambie mama zote mbili zinaruhusiwa, muulize Mmoyale. Hukuiacha itulie. Ikishachemka hadi shingoni itoe motoni, ilaze kiubavu kidogo kwenye kile kikata chake cha kuikalishia dakika tano hivi machicha yashuke, halafu mimina taratibu bila kuinyanyuanyua katikati ya vikombe. Na usiioshe kwa sabuni, udongo unafyonza utakunywa povu mwezi mzima.

Binti_Chumbageni:
Nimeshaiosha kwa sabuni 😭