Tupeane uzoefu: laptopu ya bei rahisi, ninunue au nijikaze niongeze hela?

Dada wa Tandika

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kiume amepata chuo hapa hapa Dar, anakwenda kusoma uhasibu. Kwetu ni wa kwanza kufika chuo. Baba hayupo, mimi nashona nguo Tandika na ndiye tegemeo la nyumba. Jumapili nimevunja kibubu nikakuta 450,000. Hiyo ndiyo hela yote ya laptopu.

Jana nilishuka Kariakoo. Sijafika hata Mtaa wa Aggrey, winga (dalali wa kuvuta wateja) kanidaka, kanizungusha maduka manne. Nimerudi na mbili kichwani. Ya kwanza mpya kabisa, ya kwenye boksi, nyepesi, nailoni haijachanwa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, hifadhi ya mafaili 64GB, wanataka 430,000. Ya pili ni mtumba, HP EliteBook 840 G3, pembeni imechubuka, prosesa i5, RAM 8GB, SSD (hifadhi ya kasi isiyozunguka) 256GB, wanataka 480,000 na hawashuki.

Moyo unavutwa na mpya, kwa sababu haijapita mikononi mwa mtu. Lakini kitu kipya kuuzwa chini ya mtumba kunanitia wasiwasi. Mlionunua za bei rahisi naomba mniambie yaliyowakuta wenyewe: ilikaa muda gani, ilikwama wapi. Ya kwenye boksi nimeshayasoma.

Steshenari Ubungo

Dada, hiyo ya kwanza nimeishi nayo. Mwaka 2022 nilinunua ya sifa hizo hizo, prosesa Celeron N4020, RAM 4GB, hifadhi 64GB. Nina kibanda cha kuchapa kazi na kutoa kopi, wateja wangu wengi ni wanafunzi. Wiki mbili za mwanzo niliisifia kwa kila aliyepita.

Hiyo 64GB ukiiwasha inasoma kama 59, na Windows imeshajichukulia sehemu kubwa. Ukiweka Office na vitu viwili vitatu, umebaki na kachumba. Kisha sasisho la Windows linakuja halina pa kukaa. Linashuka, linakula bando, linashindwa, kesho linaanza upya. Mimi nilikuwa nafuta picha za wanangu ili kompyuta ipate nafasi ya kujisasisha.

Siku iliyonivunja moyo alikuja binti wa mwaka wa mwisho na ripoti ya kurasa 90, picha na majedwali ndani. Naandika "matokeo", kioo kinaonyesha "m", halafu kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo "atokeo" inamwagika yote kwa mkupuo. Binti kasimama nyuma yangu, mwisho wa kukusanya ni saa kumi, nasikia anavyopumua. Tulikwenda kumalizia kwa jirani na hela akaichukua jirani.

Nikaipeleka kwa fundi aniongezee RAM. Akafungua mfuniko wa chini, akaniita niangalie. Nilitegemea kuona kipande kinachochomoka. Akagusa kwa ncha ya bisibisi vipande vyeusi vilivyolala kwenye bodi: "Hii ndiyo RAM yako, imechomelewa. Na hii hapa ndiyo hifadhi yako, nayo imechomelewa." Akarudishia skrubu zake moja moja, hakunidai hata shilingi.

Mama Wawili, Mbezi

Na mimi nisikike, maana ninayo ya aina hiyo mwaka wa tatu huu na sijutii. Nina duka la vipodozi. Kazi yake ni jedwali moja la mali iliyoingia na iliyotoka, basi. Haina feni, na hilo kwangu ni kubwa, kwa sababu duka linatazama barabara ya vumbi na ile ya zamani feni ilijaa vumbi hadi ikawa inalia kama mashine ya kusaga. Prosesa yake ni ya wati 6 tu, kwa hiyo chaji inakaa. Umeme ukikatika saa mbili asubuhi, mchana bado naandika.

Ila sijawahi kuiwekea kitu kingine chochote, na watoto hawaigusi. Dada, muulize mdogo wako atafungua mafaili mangapi kwa wakati mmoja. Kwa miaka mitatu ya chuo mimi nisingempa hii.

Fundi wa Kariakoo

Niko kwenye kazi hii mwaka wa 11. Mteja akija anauliza "mpya au used?" Mimi naangalia kama inafunguka. Ninachomaanisha: RAM inachomoka? Hifadhi inachomoka? Betri inabadilishika bila kuomba Mungu? Ikiwa ndiyo, hata ukiinunua dhaifu leo unaweza kuilea. Ikiwa kila kitu kimechomelewa, ulivyoinunua ndivyo utakavyoizika.

Hizi EliteBook, ThinkPad na Latitude zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Makampuni ya nje yanazitumia miaka kadhaa, yanazitoa zote kwa mpigo, ndiyo maana zinafika kwetu nyingi na zikiwa hai. 840 G3 ina nafasi mbili za RAM na SSD yake inachomoka. Siyo kwamba mtumba ni bora kuliko mpya, hapana. Ni kwamba kwa hela yako, mtumba wa ofisi ulizaliwa ghali na huo mpya ulizaliwa rahisi.

Sasa mitego. Kwanza betri. Mwambie muuzaji afungue kidirisha cha amri (Command Prompt), uandike wewe mwenyewe: powercfg /batteryreport. Inatoa ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaa sasa. Kama ya kwanza ni 46,000 na ya sasa ni 15,000, hiyo betri ni marehemu, punguza bei yake hapo hapo. Muuzaji akikataa kukuonyesha, shukuru, toka.

Pili, zima, washa ukiwa unagonga kitufe cha kuingia BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows (kwa HP ni F10, kwa Dell ni F2, kwa ThinkPad ni F1). Ikidai paswedi, usiichukue. Kila wiki naletewa hizo na watu waliopigwa. Tatu, angalia kibodi: za Ujerumani Z imekaa mahali pa Y, za Ufaransa A imekaa mahali pa Q. Watakubandikia stika, na kwa joto letu na jasho la vidole zinabanduka. Fungua ukurasa mweupe mtupu utazame kioo kuna doa au mstari. Bonyeza kila herufi. Chomeka flashi kwenye kila tundu.

Na kuna jambo la nne, hapa lazima niseme ukweli dhidi ya biashara yangu. Windows 10 ilimaliza masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za Core za Intel, inataka kizazi (toleo) cha nane kwenda juu. 840 G3 ni kizazi cha sita. Ile Celeron mpya imo kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Kwa hiyo kwa karatasi, mpya dhaifu inapita na mtumba wenye nguvu unabaki nje.

Mwalimu wa Gongo la Mboto

840 G3 yangu niliinunua 2020. Alama, maandalio ya somo, mitihani, yote humo. Betri nimebadilisha mara moja, RAM nimeongeza mara moja, kazi zote mbili zilichukua chini ya nusu saa kwa fundi. Windows 10 ilipofika mwisho nikawekewa Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ni bure, na naandika kwa LibreOffice badala ya Office.

Shida moja nimeipata. Mtihani wa hisabati nikiutuma ofisini kama faili la kawaida, milinganyo inahama mahali pake, sehemu inaangukia mstari wa chini. Siku moja swali la nne lilitoka bila alama ya kipeo, wanafunzi 60 wakakokotoa kitu kingine. Niliumia sana, nikalirudia swali upya darasani. Tangu hapo natuma PDF tu.

Bumu la Kwanza

Dada, nisikuchoshe. Mimi nilichukua Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google isiyo na Windows, ya mtumba 190,000 kwa bumu (hela ya mkopo wa chuo) la kwanza. Chromebook kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho, na yangu ilikuwa imeshapita siku ninayoinunua, sikujua hata kama kuna kitu hicho. Kozi yangu na ya mdogo wako ni moja. Programu ya uhasibu tuliyoelekezwa ni ya Windows, haikuingia. Muhula mzima nilikuwa naamka alfajiri kuwahi kompyuta za maktaba.

Steshenari Ubungo

Hilo la programu za Windows dada ulishike. Linux ya mwalimu ni nzuri, ila kwa mhasibu mwanafunzi itamsumbua.

Mkazi wa Kigamboni

Langu ni la namna ya kununua. Nilijaribu laptopu dukani karibu saa nzima, nikaridhika, nikalipa. Kijana akasema "ngoja nikufungie vizuri," akaingia nayo stoo, akatoka na mfuko umefungwa. Nikavuka kivuko kwa furaha. Nyumbani nafungua, umbo lile lile, rangi ile ile, lakini ile niliyojaribu ilikuwa na mkwaruzo mdogo chini ya herufi M. Hii haina. RAM nusu. Nilirudi kesho yake, wakauliza risiti iko wapi. Sikuwa nayo.

Kabla ya kulipa, igeuze laptopu, piga picha namba iliyoandikwa chini. Isitoke machoni pako tena. Na udai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), namba hiyo iandikwe humo. Mimi laki tano zangu zilikwenda na mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unanidunda.

Dada wa Tandika

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili. Mkazi wa Kigamboni, pole sana. Fundi, sasa umeniacha njia panda. Mpya dhaifu, mtumba hauingii Windows 11, na kizazi cha nane winga aliniambia laki sita na nusu. Nikope 200,000 kwenye kikoba chetu?

Mwalimu wa Gongo la Mboto

Mdogo wangu, usikope. Kijana ana vitabu, ana nauli, ana chumba. Deni la kikoba litakuja kudai wakati anadai na yeye.

Fundi wa Kariakoo

Usikope. Watu wote wanakimbilia i5 na i7, ndiyo maana zina bei. Tafuta kizazi cha nane lakini i3, yenye RAM 4GB na hard disk, ile hifadhi ya kuzunguka. Hizo zinabaki kwenye shelfu kwa sababu zinaonekana nzito zikiwashwa. Kinachozifanya nzito ni hiyo diski, na diski inachomoka. Utajua kizazi kwa namba inayofuata baada ya kistari: i3-8130U inaanza na 8, ni kizazi cha nane. i5-6300U inaanza na 6. Usisikilize maneno ya winga, soma namba. Anza nayo hivyo hivyo, mdogo wako akipata bumu aweke SSD, muhula ukifuata aongeze RAM. 

Mama Wawili, Mbezi

Hapo fundi umesema kitu ambacho hata mimi sikukijua. Dada, nenda asubuhi, kabla jua halijawachosha wauzaji.

Dada wa Tandika

Wakuu, nimerudi kuwapa mrejesho, maana mmenisaidia kama ndugu.

Jumamosi nilikwenda na mdogo wangu, saa tatu tupo Kariakoo. Winga wa kwanza nilimwambia nataka i3 ya kizazi cha nane, akacheka, akasema dada hizo hazina soko, chukua i5. Nikamwambia nionyeshe hizo hizo zisizo na soko. Duka la tatu tukaikuta, Dell Latitude 5490, i3-8130U, RAM 4GB, hard disk 500GB. Mfuniko una alama ya stika ya ofisi iliyobanduliwa. Wakaanza 500,000.

Niliandika amri ya betri mwenyewe, kidole kinatetemeka, nimeinakili kwenye karatasi ya vipimo vya nguo. Ilitoka kiwandani na 51,000, sasa inajaa 33,000. Niliwaonyesha hizo namba mbili. Muuzaji alinyamaza, akamtazama mwenzake. Tukagonga F2, BIOS ikafunguka bila paswedi. Mdogo wangu akabonyeza kila herufi, ya N ilikuwa inahitaji nguvu kidogo. Tulisimama pale muda mrefu hadi tukapewa viti. Tumelipa 435,000, risiti ya EFD ina namba, na laptopu haikuingia stoo, niliibeba mwenyewe kifuani.

Ni nzito kuwaka, siwafichi. Nimehesabu, kuanzia kubonyeza hadi kufungua jedwali ni dakika tatu na nusu. SSD tutaiweka bumu likitoka, fundi nitakutafuta kwa ujumbe.

Hela ya begi haikuwepo. Nilikuwa na mabaki ya jinzi ya suruali za wateja, nikamshonea, ndani nikaweka sponji ya magodoro. Jana usiku alikaa nayo mezani karibu na cherehani yangu anajifunza majedwali, safu hii jina, safu hii kiasi, safu hii tarehe. Nilipoinama kutazama, jedwali la kwanza alilotengeneza ni la wateja wangu ambao hawajamaliza kulipa. Wako 14. Mimi kichwani nilikuwa nawakumbuka tisa.