Wakuu, niuze injini ya mtumbwi nikamilishe visa ya Uingereza, au nisubiri?

Kijana wa Mwaloni: Wakubwa shikamooni. Nipo Mwanza, umri 31. Nimepata kazi ya kutunza wazee Uingereza kupitia wakala. Sasa anataka milioni 4 za kumalizia ndipo cheti cha udhamini kitoke. Nina injini ya mtumbwi, farasi 15, haina hata miaka miwili. Niuze, au nisubiri mwakani? Usingizi sipati.

Dagaa Mkavu: Za kumalizia? Ulianza na ngapi, lini?

Kijana wa Mwaloni: Hilo tuliache mkuu. Nauliza injini.

Bibi Igoma: Wajomba zako walisomesha kwa sato na furu. Wewe unakimbilia kuogesha vikongwe vya watu, bibi yako yuko Magu anajichotea maji mwenyewe.

Mbeba Boksi: Nipo Leeds. Mlango huo ulifungwa 22 Julai 2025, mwajiri wa huku haruhusiwi tena kuita mtunza wazee kutoka nje. Na ada ya cheti ni ya mwajiri, si yako. Sisi tuliomo ndani nasi roho juu: bosi wangu alinyang'anywa leseni ya udhamini, nikapewa siku 60 nitafute mwingine. Ukiwa na siku 60 unapokea zamu yoyote kwa malipo yoyote, na wao wanalijua hilo. Huku nako wazee wanakosa mtu wa kuwageuza usiku, maana mshahara wenyewe Mwingereza hautaki. Mjibu Dagaa.

Kijana wa Mwaloni: Haya. Milioni 9, nililipa Agosti. Tuliuza kiwanja cha mama, Kisesa. Ila wakala ana ofisi na mhuri, kasema tulioandikishwa mapema haituhusu. Nikiacha sasa, ile 9 si ndiyo imekufa?

Dagaa Mkavu: Agosti huja baada ya Julai, mkuu.

Nondo na Saruji: Hata tusiopanda ndege yanatufikia. Mteja wangu wa Buswelu alikuwa anajengewa na dada yake aliyeko huko huko. Dada kakosa mdhamini, nyumba imesimama kwenye lenta. Namdai mpaka leo.

Jiwe la Bismarck: Mnawalaumu Waingereza bure. Julai hiyo hiyo sisi tulipiga wageni marufuku kwenye biashara 15, hadi kutengeneza simu, na humu mlishangilia.

Mzee wa Kumbukumbu: Jamani, hii chai. Mtoa mada alitangaza injini hii hii mwezi wa tatu, akasema anaoa. Leo anaenda Uingereza. Na injini haizeeki, "haina hata miaka miwili" tangu enzi hizo!

Bibi Igoma: Nami nimeshamhurumia mama wa watu.

Mvuvi wa Ukara: Chai au maziwa, injini bei gani?

Kijana wa Mwaloni: Harusi iliahirishwa, ndiyo maana sikuuza. Wakala tangu jana hapokei simu. Milioni 4 na nusu, njoo na fundi wako.